Je, Wajua? Mikono Inayofua

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa kazi mbili. Mama anayesugua nguo kwenye beseni anafua, na fundi anayegonga chuma naye anafua. Huku Eastlands, Nairobi, wawili hawa ni majirani. Kutoka ploti za Umoja na Kayole, ambako nguo za watu hupepea juu ya paa, hadi mabanda ya Kamukunji na Shauri Moyo, ambako majiko na masanduku ya bati hutengenezwa kwa nyundo tangu asubuhi, ni safari ya matatu moja tu. Nimewatazama wafuaji wa aina zote mbili kwa miaka mingi. Maumivu wanayoyameza kimya yana majina, na mengi yana dawa.

Kwanza jaribu hili. Kamata mkono wako wa kushoto kati ya kifundo na kiwiko, kisha chezesha vidole vyake. Umehisi nyama ikitembea chini ya kiganja chako? Je, wajua kwamba ndani ya vidole hamna misuli? Misuli inayovikunja kwa nguvu imekaa huko juu ulikoshika, na mingine midogo iko kiganjani. Inavivuta vidole kwa kano, yaani nyuzi ngumu zinazoteleza ndani ya vifereji vyembamba na kupita juu ya mifupa 27 ya mkono. Uzi ukivimba, mfereji hautanuki. Shika hapo, kwa maana magonjwa matatu kati ya yafuatayo yanatokana na hilo.

Mama mmoja anayefulia watu Umoja alinionyesha anavyokamua jinzi. Aliizungusha kwenye bomba la maji, akashika ncha mbili pamoja, akaanza kusokota. Maji yakamtiririka hadi viwikoni. Kila msokoto ulikigeuza kifundo upande wa kidole cha mwisho, huku gumba likibana nguo kwa nguvu zote. Alipofika msokoto wa nne akaiachia, akajishika chini ya gumba.

"Huu mkono siku hizi unakataa," akasema. "Hata sufuria ya chai unaangusha."

Amekuwa akiuchua kwa dawa ya kemisti na kuufunga kipande cha leso. Ugonjwa wake unaitwa de Quervain, jina la Fritz de Quervain, daktari mpasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895. Lakini kitabu maarufu cha anatomia cha Gray, toleo la 1893, kilikuwa kimekwisha kuutaja kwa jina la kazi: mteguko wa mfua nguo. Mimi nalipenda zaidi jina hilo la pili, kwa sababu linamtaja mwenye maumivu.

Kinachotokea ni hiki. Kano mbili za gumba hupita pamoja katika mfereji mmoja ubavuni mwa kifundo. Zikisuguliwa siku nzima, ala ya mfereji ule hunenepa na kuzibana. Ili kujua, fumbata gumba ndani ya vidole vinne, kisha uinamishe ngumi polepole kuelekea kidole cha mwisho. Mwenye ugonjwa huu huruka. Kina mama wenye watoto wachanga nao huupata sana, kwa ule mtindo wa kumnyanyua mtoto kwapani gumba likiwa limetanuka. Kwao dawa ya kwanza ni kumwinua kwa viganja vilivyotazama juu, kama anayebeba sinia.

Matibabu huanza na gango linalolituliza gumba pamoja na kifundo kwa wiki kadhaa, na dawa za kupunguza uvimbe. Yasipotosha, daktari huchoma sindano ya steroidi ndani ya mfereji, na wengi hupona hapo. Wachache waliobaki hupasuliwa paa la mfereji, kano zikapata nafasi. Najua kumwambia mama fua apumzike wiki tatu ni kumwambia alale njaa wiki tatu. Basi walau mablanketi yakamuliwe na watu wawili, kila mmoja ncha yake, na jinzi zianikwe zikichuruzika. Jua la Nairobi litafanya kazi iliyobaki.

Usiku kuna mgeni mwingine. Mtu anaamka saa tisa, mkono umekufa ganzi, anaukung'uta kama anayepangusa maji ndipo urudi. Wengi hudhani ni presha. Je, wajua kwamba vidole vyenyewe vinasema ni nini? Ganzi ikishika gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, huku kidole cha mwisho kikiwa kizima, mara nyingi neva moja imebanwa ndani ya handaki la kifundo, ambamo inapita pamoja na kano tisa. Mimba huleta hali hii, nayo aghalabu huisha baada ya kujifungua. Huletwa pia na kisukari na tezi ya shingo iliyolegea. Gango la kifundo linalovaliwa wakati wa kulala huwasaidia wengi. Lakini nyama iliyo chini ya gumba ikianza kubonyea, usiendelee kununua tembe. Hapo neva inakufa, na inahitaji kufunguliwa kwa upasuaji mdogo wa ganzi ya mahali tu, mtu akarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Maji nayo yana deni lake. Kidole kikiiva pembeni mwa ukucha, wazee huita mdudu, na kamusi zina neno jingine, kaka. Mdudu wa ghafla huletwa na bakteria walioingia kwa kung'ata kucha au kwa mwiba. Ukiwahi, maji ya uvuguvugu mara tatu au nne kwa siku yanaweza kutosha. Usaha ukishajikusanya, lazima utolewe na mhudumu wa afya, na asiwe jirani na wembe. Mdudu wa mama fua, wa mpishi na wa muuza samaki ni wa namna nyingine. Huu huja polepole na kukaa miezi. Sabuni na jiki zimekula ile ngozi nyembamba inayoziba mzizi wa ukucha, maji yanaingia, fangasi wanafuata. Tembe za antibiotiki pekee haziutoi. Unaondoka mikono ikikauka, ikipakwa dawa aliyoandika daktari, na kazi ikifanywa kwa glavu za mpira zilizo na glavu za pamba ndani. Pamba ndiyo inayonyonya jasho. Bila hiyo glavu hugeuka beseni jingine.

Sasa twende Kamukunji, kwenye kelele.

Kila fundi pale ana sugu viganjani, na neno hilo limechaguliwa vema: ngozi iliyokataa kushindwa. Sugu haihitaji dawa. Nyundo ikikosa patasi ikapiga kidole, hapo kuna habari. Damu inajaa chini ya ukucha, ukucha unakuwa mweusi, na kidole kinadunda kama moyo kwa sababu damu haina pa kutokea. Je, wajua tiba yake huchukua dakika chache? Mhudumu wa kliniki hutoboa ukucha kwa ncha yenye moto, tone jeusi hutoka, na uso wa fundi hubadilika papo hapo. Ukucha hauna hisia, ndiyo maana mwenye kidole haumii ukitobolewa. Kazi hiyo ifanywe kliniki, mapema, na kidole kichunguzwe kama mfupa umevunjika. Ukucha ukibanduka utarudi. Hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo subiri karibu nusu mwaka.

Yupo pia fundi ambaye kidole chake hujikunja asubuhi kikakataa kunyooka, mpaka akivute kwa mkono wa pili kiruke kwa mlio kama swichi. Uzi umeota fundo, na fundo limekwama kwenye mlango wa mfereji. Mfaransa Alphonse Notta alilieleza jambo hili mwaka 1850. Sindano moja ya steroidi mara nyingi huondoa mkwamo, ila mwenye kisukari apime sukari siku zinazofuata, maana sindano hiyo huipandisha.

Na kidole kikikatika kabisa? Hapa naomba usome mara mbili. Bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono. Kipande kilichokatika kisuuzwe kwa maji safi, kikafungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki na mfuko ufungwe usiingie maji. Ndipo mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kipande kisiguse barafu yenyewe, itakiunguza. Kidole kilichopozwa vizuri kinaweza kungoja saa nyingi kuliko mkono mzima, kwa sababu hakina misuli, na misuli ndiyo huoza upesi. Wajapani Komatsu na Tamai walirudisha gumba lililokatika kabisa mwaka 1965. Hapa kwetu, Januari 2018, wapasuaji wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta waliunganisha tena mkono wa kijana uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe.

Sheria ya Kenya ya fidia za majeraha kazini ya mwaka 2007 ina jedwali linalotaja vidole na asilimia zake, gumba likiwa juu ya wenzake. Lakini sheria ile inamdai mwajiri, na fundi anayejiajiri juani hana wa kumdai. Ndiyo maana naandika habari ya mfuko na barafu kwa urefu huu.

Kwa makanga, wapakiaji na vijana wanaoruka mageti: vueni pete kazini. Pete ikinasa kwenye mlango wa gari mwili ukiwa unashuka, inachuna kidole kama ganda la ndizi. Na aliyempiga mtu ngumi ya mdomo akabaki na kijeraha kidogo juu ya kifundo cha kidole aende hospitali siku hiyo. Jino limepanda vijidudu ndani ya kiungo.

Mwenye kisukari asidharau hata mchubuko. Kati ya 1998 na 2002 madaktari wa Dar es Salaam waliandika habari za wagonjwa wa kisukari walioanza na jeraha dogo mkononi, wengine kwa kuumwa na mdudu tu, wakaishia kupoteza vidole, mkono, na hata uhai. Waliochelewa kufika hospitali ndio walioumia zaidi.

Watoto nao wana yao. Kidole cha sita, kile kinachoning'inia kando ya kidole cha mwisho cha mtoto mchanga, ni cha kawaida sana miongoni mwa Waafrika. Mara nyingi kinarithiwa. Uzi wa kukikaba, ambao bibi wengi huufunga, huweza kuacha kinundu chenye maumivu au kidonda. Daktari hukitoa vizuri.

Lakini vidole vya mtoto vikivimba vyote pamoja, mikono na miguu, akiwa na umri wa baina ya miezi sita na miaka miwili, akalia kila anaposhikwa na hakuna aliyemwangusha, usimlaumu yaya. Hiyo mara nyingi huwa dalili ya kwanza kabisa ya selimundu, ugonjwa wa damu unaopatikana sana katika familia zenye asili ya nyanda za ziwa na pwani, na Eastlands imejaa wenye asili hizo. Mpeleke mtoto hospitali, Mama Lucy Kibaki kama uko Umoja au Kayole, mwonyeshe daktari vidole vyenyewe, na uombe damu ipimwe selimundu siku hiyo.