Je, Wajua? Ngozi ya Marehemu Yaweza Kushikilia Kibofu cha Aliye Hai

Je, wajua kuwa mama aliyeshuka kizazi au kibofu anaweza kushonewa ndani ya nyonga kipande cha ngozi ya mtu aliyefariki? Wakati mwingine hutumika utando mgumu unaofunika misuli ya paja.

Je, wajua kuwa ngozi hiyo haiwekwi ikiwa na seli zake? Maji ya chumvi hulegeza tabaka la juu likabanduka, kisha dawa za jamii ya sabuni hupasua seli na kusafisha mabaki. Hubaki kiunzi cha kolajeni na elastini. Kinga ya mwili humtambua mgeni hasa kwa seli zake, hivyo mama huyu hahitaji dawa za kushusha kinga kama aliyepandikizwa figo. Seli zake mwenyewe ndizo huhamia humo.

Kipimo cha usafi huo kipo. Mwaka 2011 watafiti Crapo, Gilbert na Badylak walipendekeza DNA isizidi nanogramu 50 kwa kila miligramu ya tishu kavu.

Je, wajua kuwa vipandikizi vingine hutoka kwa nguruwe? Pelvicol ilitengenezwa kwa ngozi yake, Surgisis kwa utumbo wake mwembamba. Mama Mwislamu au Msabato ana haki ya kuambiwa hilo kabla ya kutia sahihi, bila kusubiriwa aulize mwenyewe.

Je, wajua kuwa kutokuwa na seli si kuwa imara? Mwili waweza kukiyeyusha kiunzi kabla tishu mpya haijakomaa, na kizazi kikashuka tena. Utafiti wa PROSPECT wa Uingereza, uliochapishwa na The Lancet mwaka 2017, ulihusisha wanawake zaidi ya 1,300 waliofanyiwa upasuaji wa kwanza wa kurekebisha kuta za uke. Baada ya miaka miwili, waliowekewa wavu wa plastiki au kipandikizi cha tishu hawakuwa na nafuu zaidi kuliko walioshonwa kwa nyama zao wenyewe. Hili ningependa kila mama alisikie kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Wavu wa plastiki nao ulijeruhi wengi: ulichomoza ukeni, ukaleta maumivu yasiyokoma. Tarehe 16 Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru usiuzwe tena kwa kurekebisha mshuko kupitia ukeni.

Na je, wajua kuwa wengi hawahitaji kisu? Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, aliyoyaeleza Dkt. Arnold Kegel mwaka 1948, husaidia hasa mshuko ukiwa mdogo. Ipo pia pesari, pete ya silikoni inayovaliwa ukeni kushikilia kizazi. Hutolewa, huoshwa, hurudishwa, na mama akiendelea na shughuli zake.