NAMBA ZA NDANI NA NAMBA ZA NJE: TUVIJUE VYOMBO VYETU



Barua iliyoandikwa "Avenyu ya 5, namba 20", bila neno zaidi, haiwezi kufika. Avenyu ya 5 iko Buyenzi, na Bwiza iko pia. Lakini aliye ndani ya Buyenzi akiambiwa maneno hayo hayo, anafika bila kupotea. Namba za vyombo vya nyumbani zinafanya kazi namna hiyo.

Tuchukue mfano wa kikundi cha akiba kinachokutana nyumbani kwa mwenzao. Wana kompyuta yenye daftari la michango, printa moja, na simu zao. Katikati iko ruta, kile kisanduku chenye taa kinacholeta intaneti. Ruta hukipa kila chombo namba, iitwayo anwani ya IP: kompyuta 192.168.1.10, printa 192.168.1.15, ruta yenyewe 192.168.1.1.

Hizo ni namba za ndani. Namba za aina hii duniani kote zinazidi kidogo tu bilioni 4, nazo hazitoshi. Kwa hiyo mwaka 1994 wataalamu wa intaneti walitenga mafungu matatu ya matumizi ya ndani: zinazoanza na 10, za kuanzia 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Kila nyumba na kila kiwanda vinaweza kuzitumia bila kugongana, kwa sababu hazitoki nje. Ujumbe ukitoka, ruta huuandikia namba ya nje. Jibu likirudi, hulipeleka kwa aliyeuliza.

Faida kwetu ni nini?

Kwanza, akiba. Kuchapisha karatasi, au kuhamisha faili moja kwa moja kutoka simu hadi kompyuta humo ndani, hakuli mega. Mega zikiisha, kazi inaendelea, mradi ruta inawaka. Lakini anayemtumia kwa WhatsApp mwenzake wa meza moja analipa, kwani faili linakwenda nje na kurudi.

Kuipata namba si kazi ngumu. Kwenye simu, fungua mipangilio, kisha Wi-Fi, kisha gusa jina la mtandao. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri uandike ipconfig. Penye neno "passerelle" ndipo ilipo namba ya ruta. Printa nyingi huweza kuchapa namba yao wenyewe. Iandike namba hiyo pale unapoandika anwani za intaneti, na mara nyingi ukurasa wa chombo utafunguka. Usipofunguka, hakikisha mko kwenye Wi-Fi moja, kisha itazame namba upya: ruta huazima tu, hivyo namba inaweza kubadilika.

Pili, usalama. Ruta nyingi huja na neno la siri lililobandikwa chini ya kisanduku. Akilisoma mpita njia mwenye Wi-Fi yenu, anaweza kubadili kila kitu. Na daftari la michango lililowekwa wazi kwa mtandao wa nyumba linasomwa na kila aliyemo. Kwa hiyo badilisheni neno hilo leo. Fungeni daftari kwa neno jingine. Wageni wapewe Wi-Fi ya wageni, kama ruta inayo. Na fundi asifungue mlango wa kuingilia kutoka nje bila kikundi kuelewa sababu.

Ndugu, anayeiongoza mashine ya kiwanda zamu nzima asikiogope kisanduku cha nyumbani kwake.