Hesabu ya Kishale cha Mwisho

Mchezaji wa isolo, ule mchezo wa kete wa Wasukuma, haanzi kwa kuzitia kete mashimoni. Kwanza hutazama, akahesabu kimoyomoyo kete ya mwisho itaangukia shimo gani, ndipo mkono uende. Kijana wa Lalago aliyekua akiwatazama wazee wakicheza huijua hesabu hiyo hata kabla ya kufundishwa kutoa na kugawanya. Lakini katika isolo kete hukaa pale pale mkono unapoiweka. Uko mchezo mwingine unaodai hesabu ya namna hiyo hiyo, ambamo mkono wenyewe hautabiriki: nao ni mchezo wa vishale, uliotoka Uingereza na ambao leo una chama chake cha taifa hapa Tanzania.

Kila mchezaji huanza na alama 501. Kwa zamu hutupa vishale vitatu, na alama anazopata hutolewa katika zile zilizobaki. Ubao umegawanywa vipande 20. Utepe mwembamba wa ukingoni huhesabiwa maradufu, na ule wa ndani zaidi huhesabiwa mara tatu. Katikati pana kiduara cha alama 50, kilichozungukwa na pete ya alama 25. Mshindi ni yule afikaye sifuri kamili, na sharti kishale chake cha mwisho kiingie katika maradufu au katika kiduara cha 50. Akipita sifuri, au akibakiwa na 1, au akifika sifuri bila maradufu, zamu nzima hubatilika na alama zake hurudi zilivyokuwa.

Sharti hilo ndilo linaloleta hisabati. Zamu moja yaweza kumaliza alama 170 kwa wingi: 60, 60 na 50. Hata hivyo 169 haimaliziki. Kishale cha mwisho kikiwa 50, viwili vya kwanza hudaiwa 119. Lakini vishale viwili hutoa 120 kwa wingi, na jumla inayofuata ni 117. Kikiwa 40, hudaiwa 129, nazo hazipatikani kabisa. Mwanafunzi na ajaribu mwenyewe kuthibitisha kwamba 168, 166, 165, 163, 162 na 159 nazo hazimaliziki.

Wachezaji wengi hukariri orodha ya njia za kumalizia kama watoto wakaririvyo jedwali la kuzidisha. Si vibaya, ila orodha hueleza tu kitakachotokea mkono usipokosea, na mkono hukosea mara nyingi. Utepe wa maradufu una upana wa milimita 8, na kila kipande chake kina urefu wa milimita 52 hivi. Nao hulengwa kutoka umbali wa sentimita 237. Kwa hiyo swali la maana si "njia ipi ni fupi?" bali "nikikosa, nitabaki na nini?"

Tuseme wachezaji wawili wana ustadi sawa. Kila mmoja akilenga maradufu, uwezekano wa kupata ni 1/4. Wa kutumbukia ndani, katika namba ile ile isiyo maradufu, ni 1/4. Na wa kutoka nje ya ubao wa alama ni 1/2. Wa kwanza amebakiwa na 32, wa pili na 38. Kila mmoja ana vishale vitatu.

Mwenye 32 hulenga maradufu ya 16. Akitumbukia ndani hubaki na 16, naye hulenga maradufu ya 8. Akitumbukia tena hubaki na 8, bado namba shufwa. Kila kishale ni nafasi kamili ya kumaliza. Uwezekano wa kukosa vyote vitatu ni 3/4 × 3/4 × 3/4, yaani 27/64. Hivyo wa kumaliza ni 37/64.

Mwenye 38 hulenga maradufu ya 19. Akitumbukia ndani hubaki na 19, namba witiri, isiyomalizika kwa kishale kimoja. Kishale kimoja hutumika kurekebisha, mathalani kwa kupiga 3 ili zibaki 16. Na tumfadhili kwa kudhani kwamba hapo hakosi. Uwezekano wake ni 1/4 + (1/2 × 3/8) + (1/4 × 1/4), ambayo ni 1/2, yaani 32/64. Ile 3/8 ni nafasi yake ya kumaliza 38 kwa vishale viwili vilivyosalia.

Tofauti hii ya 5/64 haikutokana na ustadi. Ilipatikana kishale kimoja kabla, katika kuchagua namba ya kuacha. Wenye kuipenda 40 nao hawakosei: 40, 20 na 10 zote ni shufwa, hivyo kwa vishale vitatu 40 ni sawa na 32. Udhaifu wake, yaani 5, hujitokeza baadaye.

Mfano mzuri kuliko yote ni 48. Katika ubao, 16 na 8 ni majirani. Kishale kikiingia 16, zabaki 32. Kikiteleza kikaingia 8, zabaki 40. Basi mwenye busara hulenga waya wenyewe unaozitenga, katika sehemu pana iliyo kati ya tepe mbili. Asikaribie utepe wa mara tatu, maana mara tatu ya 16 ni 48, na zamu hubatilika. Kwa aliyebakiwa na 46, majirani 6 na 10 hufanya kazi hiyo hiyo: huacha 40 au 36.

Hesabu hizi zote zimesimama juu ya ile 1/4 iliyodhaniwa, na kila mkono una namba zake. Mwalimu aweza kuchora ubao juu ya kadibodi kwa bikari, wanafunzi wakatupa vishale mia moja kuelekea maradufu moja na kuandika vingapi vilipata, vingapi viliingia ndani na vingapi vilitoka nje, kisha wakarudia hesabu kwa namba zao wenyewe. Yule ambaye vishale vyake vyote vilivyokosa vilitoka nje atakuta kwamba kwake yeye 38 na 32 ni sawa.