Usukani wa Mashine Ulioganda: Namna ya Kuufungua na Kuutunza

Kwa wanachama wote wenye boti za mashine, na kwa wale wazikodio wakati wa uchumaji.

Kila mwanachama ajua kuwa kazi ya karafuu hapa Pemba haiishii shambani. Watu wa Fundo, Kojani, Makoongwe na Kisiwa Panza hawana njia ila bahari, na wachumaji watokao huko huvuka asubuhi na kurudi jioni. Pengine na magunia hupita majini kabla ya kufika kituo cha kununulia. Basi boti ikikataa kukata kona katikati ya mkondo, kilicho hatarini ni roho za watu kwanza, kisha ni mali ya msimu mzima. Karafuu iliyokwisha kukauka ikaingia maji ya bahari haiwi tena ile iliyotoka juani, na daraja yake hushuka.

Wahenga walisema, chombo cha kuzama hakina usukani. Sisi twasema, usukani haugandi kwa siku moja. Huanza kwa uzito mdogo ambao nahodha huuzoea, na siku ya siku hukwama kabisa.

SABABU YAKE

Mashine ndogo ya kutundika shetrini huzunguka juu ya mhimili wa chuma uliopita ndani ya bomba la alumini. Baina yao mna bushi za plastiki na grisi. Grisi ikizeeka hukauka ikawa kama nta, na maji ya chumvi hupata njia ya kuingia. Chuma na alumini vikikutana katika maji ya chumvi, alumini huliwa, na hutoa unga mweupe. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, kwa hiyo hujaa ndani ya bomba na kuubana mhimili. Mashine iliyokaa miezi mingi bila ya kuguswa, mathalan baina ya msimu na msimu, ndiyo iliyo katika hatari zaidi.

KUFUNGUA MASHINE YA KUSHIKWA KWA MKONO

Hizi ndizo nyingi kwetu, ambazo mkono wake ndio kana yake. Fuata taratibu hii:

1. Pandisha chombo pwani. Toa tangi la petroli uliweke mbali, na uchomoe waya wa plagi ili mashine isije ikawaka.

2. Tazama kwanza kibano cha kukazia usukani, kama mashine yako inacho. Kazi yake ni kuufanya mkono uwe mzito au mwepesi. Kilegeze kabisa. Pengine maradhi yote ni hayo.

3. Tafuta vichwa vidogo vya kutilia grisi penye bomba la mhimili. Futa uchafu, kisha jaribu kusukuma grisi. Ikikataa kuingia, fungua kichwa hicho kwa spana, chokoa grisi kavu kwa waya, na utie mafuta ya kulainisha kutu tunduni. Kichwa kilichoziba kabisa kitupwe, ununue kipya. Bei yake ni ndogo.

4. Tia mafuta hayo juu na chini ya bomba, mhimili unapoingilia na unapotokea. Uache usiku kucha. Asubuhi tia tena.

5. Funga kitambaa kwenye bomba, na juu yake mimina maji yaliyochemka, polepole. Alumini hutanuka kwa moto kuliko chuma, kwa hiyo bomba hulegea kidogo, na grisi kavu hulainika. Usitumie moto wa taa wala wa kuchomelea. Bushi zitayeyuka, na ndani ya mashine hubaki petroli hata tangi likiwa limetolewa.

6. Shika mguu wa mashine, sehemu ya chini, uusukume upande mmoja kisha upande wa pili. Usivute kwa mkono wa mashine, kwani utavunjika, na wala usishike rafadha. Ukipata mwendo wa upana wa kidole, shukuru, usilazimishe zaidi. Rudisha, tia mafuta, sukuma tena. Kazi hii ni ya subira, na pengine huchukua siku mbili.

7. Mashine ikizunguka kutoka pembe hadi pembe, piga grisi isiyoondoka kwa maji, ile ya vyombo vya baharini. Itatoka kwanza grisi nyeusi yenye kutu na unga mweupe. Endelea mpaka itoke safi juu na chini, ndipo uache na ufute iliyozidi.

Nyundo isiguse alumini, kwani hupasuka bila ya kuonya. Kama baada ya haya yote mashine haikuguka, yafaa fundi auchomoe mhimili na kubadilisha bushi.

BOTI YENYE GURUDUMU

Hapa yapasa kujua kwanza ugonjwa uko wapi. Fungua fimbo iunganishayo waya wa usukani na mashine. Kisha isukume mashine kwa mkono. Ikiwa ndiyo nzito, tibu mhimili kama tulivyoeleza. Ikiwa mashine ni nyepesi na gurudumu ndilo gumu, aghalabu fimbo ya mwisho wa waya imegandia ndani ya bomba lake.

Fungua nati iliyoshika waya kwenye bomba, tia mafuta pande zote mbili, ngoja, kisha itoe fimbo kwa kuigongagonga na kipande cha mti mgumu. Safisha bomba kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti, mpaka kitoke kikavu na safi. Fimbo ing'arishe, uipake grisi, na uirudishe.

Waya ukiwa nje ya bomba na gurudumu bado ni gumu, basi waya wenyewe umeoza ndani ya ala yake. Hautengenezeki. Nunua mwingine wa urefu ule ule.

Mambo mawili yasisahauliwe. Unapotia grisi penye bomba hilo, fimbo iwe imeingia ndani kabisa. Ikiwa nje, grisi huweza kujazana mbele yake na kuufunga usukani. Na nati zinazojikaza zenyewe zikishafunguliwa, weka mpya. Nati ikianguka safarini, mashine hubaki bila ya mwenyewe.

KABLA YA KUPAKIA WATU

Geuza usukani mara kadha mashine ikiwa imezimwa. Kisha jaribu majini bila ya abiria wala mzigo, kwa mwendo mdogo, karibu na pwani. Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mwilini mwa nahodha. Usukani uliokuwa mzito ukifunguka ghafla, chombo hupinda kwa nguvu na mtu huweza kutupwa.

Ikitokea usukani umekwama safarini, punguza moto papo hapo, tia nanga kama kina chafaa, na elekeza chombo kwa kasia. Kwa sababu hiyo boti isiondoke bila ya makasia mawili na nanga yenye kamba ya kutosha.

MATUNZO

Kila urudipo, osha mashine kwa maji matamu, uizungushe pembe hadi pembe. Vitabu vya watengenezaji wengi hutaja grisi kila saa 100 za kazi au miezi 6. Kwa bahari yetu na kazi zetu, twashauri kila mwezi. Kwa mashine isiyofanya kazi, izungushwe japo mara moja kwa juma. Na grisi na petroli visipakiwe pamoja na karafuu, kwani karafuu hunywa harufu upesi.

Bomba la grisi si lazima kila mtu anunue lake. Wenye boti wa bandari moja waweza kuchangiana, likawekwa kwa mtu mmoja mwaminifu, na kila atumiaye akaandikwa siku yake. Twaomba jambo hili lizungumzwe katika matawi kabla ya uchumaji kuanza, ili magunia yatakapokuwa tayari, na vyombo viwe tayari.

Katibu