Mwanao anabeba vyuma? Usimkataze, mpimie

Makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, na bomba la maji limepita katikati. Hicho ndicho chuma cha kwanza kwa vijana wengi wa Unguja. Hutengenezwa uwani au karibu na maskani, na jioni, baada ya skuli na madrasa, vijana hukizunguka kila mmoja akingoja zamu yake.

Mzazi anayewaona huwa na moja kati ya mawili. Ama hufurahi, kwa kuwa kijana aliye mazoezini hana nafasi ya kukaa na wavuta unga. Ama huogopa, kwa kuwa amesikia kwamba vyuma humdumaza mtoto.

Hofu ya kudumaa ni ya zamani, na si ya Zanzibar peke yake. Madaktari wa watoto wa Marekani wameshaeleza kupitia chama chao kwamba mazoezi ya uzito yakisimamiwa vizuri hayamzuii mtoto kurefuka. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa.

Kwa hiyo mzazi asiulize kama kijana abebe au asibebe. Aulize anabeba kiasi gani, kwa mtindo gani, na nani yuko pembeni yake.

Frasila ilitangulia kilo

Kisiwa hiki kinajua uzito tangu zamani. Karafuu na pembe za ndovu ziliuzwa kwa frasila, yaani karibu kilo 16. Mpagazi wa misafara ya bara katika karne ya 19 alibeba mzigo wa kiasi cha frasila mbili. Mjini, katika vichochoro ambavyo gari halipiti, mizigo ilibebwa na mahamali. Wengine walitumia mzegazega: mti mmoja begani, mzigo kila upande. Ukiutazama vizuri, umbo lake ni lile lile la baa ya mazoezi ya leo.

Urusi nako chuma cha mazoezi kilitoka sokoni. Kile chuma cha mviringo chenye mpini juu, kama birika, kilikuwa jiwe la mizani la kupimia nafaka. Kipimo chao kilikuwa kilo 16 na kidogo, karibu sawa na frasila yetu. Mpaka leo vyuma hivyo huuzwa kwa kilo 16, 24 na 32.

Mtindo ulishinda nguvu

Kunyanyua vitu vizito kuliingia katika Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens, mwaka 1896. Katika kunyanyua kwa mikono miwili, Viggo Jensen wa Denmark na Launceston Elliot wa Uingereza wote waliinua kilo 111.5, karibu frasila saba. Ushindi akapewa Jensen, kwa sababu mtindo wake ulikuwa bora. Elliot naye akashinda kwa mkono mmoja, kwa kilo 71.

Tangu baada ya Olimpiki ya 1972 imebaki mitindo miwili. Wa kwanza, chuma hutoka chini hadi juu ya kichwa kwa mwendo mmoja. Wa pili, hupandishwa mabegani kwanza, kisha husukumwa juu. Baa ya wanaume ina kilo 20 na ya wanawake kilo 15 kabla ya kutiwa sahani hata moja. Maana yake, baa tupu ya wanaume inazidi frasila. Kwa mtoto wa miaka 13 huo tayari ni mzigo.

Mambo ya kuangalia

Pima makopo. Zege lililomiminwa kwa macho halilingani, na upande mmoja ukizidi, bega na mgongo ndio hulipa. Yapelekeni kwenye mizani ya duka la jumla, muandike uzito juu ya kila kopo. Zege lenye ufa litupwe.

Aanze na mti wa ufagio. Ajifunze kuchuchumaa na kusimama, kuinua kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka, na kusukuma juu ya kichwa. Pushapu na kujivuta kwenye bomba la juu havihitaji chuma chochote.

Uzito unaofaa ni ule anaoweza kuuinua mara 10 hadi 15 bila kupinda mgongo wala kubana pumzi. Akiumudu kwa urahisi, aongeze kidogo, si zaidi ya sehemu moja ya kumi. Haba na haba hujaza kibaba. Siku 2 au 3 kwa wiki zinatosha, na katikati apumzike.

Asilale chali chini ya chuma akiwa peke yake. Awepo mtu mzima au mwalimu wa kukipokea.

Misuli kuuma siku ya pili ni kawaida. Maumivu makali ya kiungo, bega au mgongo ni ya hospitali.

Kataa vidonge na sindano za kujaza misuli. Hapa ndipo hofu ya kudumaa ina ukweli: homoni hizo zinaweza kusimamisha urefu wa kijana kabla ya wakati wake. Dagaa, mayai, kunde na choroko vinatosha kujenga mwili.

Na binti je?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haukuwatenga wasichana. Wanawake waliingia katika mchezo huu wa Olimpiki mwaka 2000, Sydney. Jirani yetu Hellen Wawira wa Kenya, mwenye ulemavu, alipata medali ya shaba ya kunyanyua uzito katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2022, Birmingham. Binti asiyetaka kufanya mazoezi mbele ya watu anaweza kuanzia uwani, kwa chupa mbili za maji za lita moja na nusu.

Mwongozo huo huo unawataka watu wazima nao waimarishe misuli angalau siku 2 kwa wiki. Kwa hiyo, mzazi, ukishayapima yale makopo, chukua zamu. Ukiinua mwenyewe, utajua kama uzito ule ni wa mwanao au umemzidi.