Kasuku wa Buluu na Mchoraji Wake

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mtaalamu aliyetaka kuwaonyesha wenzake rangi za ndege hakuwa na kamera ya kumsaidia, alimtegemea mchoraji. Picha ilichapwa kwa wino mweusi, kisha kila nakala ikapakwa rangi za maji kwa mkono. Leo picha hizo hutafutwa kama mapambo ya thamani, lakini hapo kwanza zilikuwa vyombo vya sayansi, na chombo cha sayansi hupimwa kwa usahihi wake.

Wachoraji wengi wa zama hizo walitumia ndege waliokufa na kukaushwa. Kasoro yake ni kwamba ndege akifa, macho yake na ngozi isiyo na manyoya hupoteza rangi, wala mkao wake wa kawaida hauonekani tena. Edward Lear, kijana wa London aliyezaliwa mwaka 1812, alifuata njia nyingine. Mwaka 1830, akiwa na umri wa miaka 18, alianza kuwachora kasuku hai katika bustani ya wanyama ya mji huo, akiwapima mabawa na miguu kwa msaada wa mtunzaji wao. Hadi mwaka 1832 alikuwa ametoa picha 42.

Lear alitumia uchapaji wa jiwe, yaani lithografia. Msingi wake ni kanuni ambayo kila mwanafunzi anaweza kuithibitisha: mafuta na maji havichanganyiki. Mchoraji huchora kwa kalamu yenye mafuta juu ya jiwe laini la chokaa. Jiwe hulowanishwa, na maji hukaa mahali pasipochorwa. Wino wenye mafuta ukipitishwa juu yake, hushika mistari tu na kukataliwa na sehemu yenye maji. Karatasi ikigandamizwa, picha hutokea, ila kulia huwa kushoto. Faida yake ilikuwa kubwa: Lear alichora mwenyewe juu ya jiwe, bila fundi wa kati ambaye angeweza kuharibu mistari yake. Kisha wapakaji walifuata nakala ya mfano, rangi kwa rangi. Alikusudia kutoa nakala 175 tu za kila picha, na baada ya hapo mchoro ulifutwa ili jiwe litumike tena.

Miongoni mwa picha hizo alikuwamo kasuku mkubwa wa buluu kutoka Amerika ya Kusini. Lear alimpa jina la kasuku mwingine anayefanana naye, ambaye leo huitwa *Anodorhynchus hyacinthinus*. Hata hivyo, mkono wake ulikuwa sahihi kuliko jina aliloandika. Mwaka 1856 Charles Lucien Bonaparte alimtambulisha ndege huyo kuwa spishi ya pekee, akamwita *Anodorhynchus leari* kwa heshima ya mchoraji.

Je, ndege huyo aliishi wapi? Kwa zaidi ya miaka 100 alionekana katika vizimba vya wafanyabiashara na bustani za wanyama, bila mtaalamu yeyote kujua makao yake. Hatimaye, mwishoni mwa mwaka 1978, Helmut Sick aliwakuta katika nchi kame ya jimbo la Bahia, Brazili. Huzaa katika mashimo ya majabali na kula hasa kokwa za licuri, mti wa jamii ya minazi. Katika miaka ya 1980 waliohesabiwa hawakufika 100. Kwa kulindwa wao na makao yao, sasa wamezidi 1,000, ingawa hatari haijaisha.

Hapa pana somo kwa darasa la bayolojia. Jina laweza kukosewa na kusahihishwa baadaye, lakini kipimo kisichochukuliwa wakati kiumbe yupo huenda kisipatikane tena. Mwanafunzi achoraye ndege wa uwanja wa shule na achore alichokiona, si alichotarajia kukiona.