Usiuze Kadi ya Harusi, Uza Kadi ya Kwanjula

Kiolezo cha kadi ya harusi kinachouzwa dola 5 kwenye Etsy hakimwachii mchoraji dola 5. Soko hilo hutoza senti 20 kwa kila bidhaa inayowekwa, na ada hiyo hulipwa upya kila baada ya miezi 4. Bidhaa ikiuzwa, hukatwa asilimia 6.5 ya bei, kiwango kilichopanda kutoka asilimia 5 mwezi Aprili 2022. Kama mnunuzi alifika kwa kubofya tangazo ambalo soko lenyewe lilitundika nje, duka dogo hukatwa asilimia 15 nyingine. Hapo zimebaki kama dola 3 na senti 70, na bado hatujagusa gharama ya kupokea malipo wala ya kugeuza dola kuwa shilingi.

Hesabu hiyo ndiyo inayowaponza wachoraji wa kadi hapa Kisugu, Kampala, na kwa majirani zetu wa Namuwongo na Kabalagala. Wakiona mauzo hayaji, wanashusha bei. Tabia hiyo wameirithi kutoka Barabara ya Nasser, mtaa wa wapiga chapa katikati ya Kampala, ambako mteja huzunguka mlango hadi mlango akiuliza nani atapunguza. Lakini pale bei ina sakafu: karatasi inanunuliwa, wino unanunuliwa, anayekata na kukunja analipwa. Hakuna anayeweza kushuka chini ya hapo kwa muda mrefu na duka likabaki wazi. Faili haina sakafu. Ikishachorwa, nakala ya elfu moja haigharimu hata shilingi, na mchoraji wa Manila au Warsaw anajua hivyo pia. Tena tangu tovuti ya usanifu ya Canva ifunguliwe mwaka 2013, bibi harusi yeyote mwenye simu anaweza kupata kiolezo chenye maua mazuri bila kulipa. Anayeshindana kwa bei katika biashara hii anashindana na bure.

Wanunuzi, hata hivyo, wapo. Tatizo ni jinsi wanavyotufikia. Sokoni mtandaoni hakuna mtaa ambao mtu atapita akaona bango lako. Kuna kisanduku cha kutafutia. Mnunuzi anaandika maneno, mashine inayalinganisha na kichwa cha bidhaa na lebo zake, kisha inapanga matokeo kwa kuangalia pia ni bidhaa ipi imebofywa na kununuliwa zaidi. Duka jipya linalojitangaza kwa maneno "wedding invitation" linakaa nyuma ya maduka yenye miaka mingi ya mauzo. Aliye nyuma habofywi, na asiyebofywa hasogei. Uhodari wa kuchora peke yake hauvunji mzunguko huo. Kinachouvunja ni kuhamia kwenye foleni fupi. Etsy humpa muuzaji lebo 13 kwa kila bidhaa, kila lebo isizidi herufi 20 pamoja na nafasi. Maneno "kwanjula invitation" yana 19. Yanaingia.

Kwa msomaji aliye mbali na Buganda: kwanjula ni sherehe ambayo mchumba hutambulishwa kwa wazazi wa binti, nyumbani kwao, na kwa familia nyingi ina uzito usiopungua ule wa kanisani au msikitini. Kadi yake haipatikani kwa kuchukua kadi ya harusi na kuibadilisha rangi. Wanaoalika ni wazazi wa binti. Upande wa mvulana huenda kwa msafara, kwa hiyo kadi ya wageni wake huhitaji mahali pa kukutania na saa ya kuondoka, maana wakwe wakichelewa hutozwa faini mbele ya watu. Kadi huhitaji nafasi ya kutaja ukoo wa kila upande, kwa kuwa wenye muziro mmoja, yaani mwiko mmoja wa ukoo, hawaoani na wazee watataka kujua. Kadi pia huhitaji mstari wa mavazi, kanzu kwa wanaume na gomesi kwa wanawake, na wakati mwingine nafasi ya jina la ssenga, shangazi wa binti, ambaye ndiye anayemtambulisha mchumba.

Sasa mfikirie Mganda anayeishi Waltham, Massachusetts, mji wenye Waganda wengi, anayepanga kwanjula na kualika wafanyakazi wenzake Wamarekani. Anajua yote hayo, ila hana muda wa kuyapanga kwenye karatasi, na wageni wake hawajui gomesi ni nini. Mwandalie seti: kadi ya wageni wa binti, kadi ya msafara wa mvulana, na kadi ndogo inayoeleza kwa Kiingereza chepesi kitakachotokea siku hiyo na cha kuvaa. Seti hiyo haishindani na bure, kwa sababu hakuna anayeigawa bure. Hapo ndipo unapoweza kutaja dola 20 au 25 bila kuona haya.

Na kwanjula ni mlango mmoja tu. Ankole, magharibi mwa Uganda, wana kuhingira, siku ya kumuaga binti, yenye zawadi ziitwazo emihingiro na mavazi yake ya mishanana. Dar es Salaam, kadi ya mchango hutangulia kadi ya mwaliko, ikiwa na namba za kupokelea pesa na tarehe ya mwisho. Kisha kadi ya mwaliko yenyewe huandikwa Single au Double, na neno hilo ndilo linaloamua kama utaingia ukumbini na mwenzi wako. Mchoraji asiyejua hilo ataacha nafasi ya ua pale palipotakiwa neno hilo. Mwambao, kadi ya nikaha hutaja msikiti na mara nyingi hupima saa kwa swala, "baada ya Alasiri", na shughuli za akina mama huwa na kadi yake peke yake. Hapa kwetu, ukiteremka Kabalagala na Kansanga, unakutana na Waeritrea na Waethiopia wanaohitaji kadi zenye herufi za Ge'ez, na Wakongo wanaotaka Kifaransa na Kiswahili kwenye kadi moja. Naona huu ni utajiri ambao wachoraji wetu wanaupita kila siku wakielekea kunakili maua ya waridi ya Ulaya.

Kuijua sherehe ni pamoja na kujua kisichofaa. Utengenezaji wa kitambaa cha magome cha Buganda, lubugo, kinachotokana na mti wa mutuba, ulitangazwa na UNESCO kuwa urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Kwa rangi yake ya udongo mwekundu na nyuzi zake zinazoonekana, kitambaa hicho kinapendeza sana kwenye kadi, na wateja wa ng'ambo wanakipenda. Lakini lubugo pia ndicho walichozikiwa mababu. Wako wazee ambao wakipokea mwaliko wa ndoa uliofunikwa kwa picha ya lubugo watashtuka. Mimi sisemi kisitumike. Kimevaliwa na wafalme kwenye kutawazwa. Nasema maelezo ya bidhaa yamwambie mnunuzi mambo yote mawili, na toleo la pili lisilo na lubugo liwekwe pembeni yake.

Kuna jambo dogo ambalo limeharibu kadi nyingi nzuri: herufi ŋ. Kiganda kinaitumia, nayo imo katika majina ya koo kama Ŋŋaali, ukoo wa korongo, na Ŋŋonge, ukoo wa fisi maji. Fonti nyingi za mwandiko wa mapambo hazina herufi hiyo, na mahali pake hutokea kisanduku kitupu. Ijaribu kila fonti kwa majina hayo kabla ya kuichagua. Soma na leseni yake: zipo fonti za bure ambazo ni bure kwa matumizi binafsi tu, na kuuza kiolezo ni biashara. Vivyo hivyo kwa picha na maua ya Canva, ambayo huruhusiwi kuyauza yalivyo. Kazi yako mwenyewe inalindwa na sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006.

Kwa ajili ya matbaa, toa faili yenye milimita 3 za ziada kila upande ili kisu cha kukatia kisiache ukingo mweupe. Kwa ajili ya simu, toa picha ya pikseli 1080 kwa 1920, na iwe nyepesi. Tangu Julai 2021 bando la intaneti Uganda hutozwa kodi ya asilimia 12, na mjomba aliye kijijini hatafungua video nzito ili aone tarehe.

Limebaki suala la kulipwa, ambalo ilifaa liwe la kwanza. Masoko makubwa hulipa wauzaji wa nchi zilizoorodheshwa tu, na PayPal kwa miaka mingi imemwachia Mganda kutuma pesa bila kumruhusu kupokea, wakati Mkenya ameweza kuzihamishia M-Pesa tangu 2018. Angalia orodha kabla hujachora. Usifungue duka kwa jina la binamu aliye London huku kazi na fedha ni zako. Soko likigundua, akaunti hufungwa na salio hukwama. Ukikuta Uganda haimo, uza moja kwa moja: Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, lakini Instagram, TikTok na WhatsApp zinafanya kazi, na ndugu wa ng'ambo tayari wanatuma pesa kwenye namba ya simu kupitia huduma kama WorldRemit. Uzuri wa njia hii ni kwamba hakuna anayekukata asilimia 6.5.

Anza na sherehe moja, ile ya kwenu. Ukimaliza kiolezo, kabla hujakiweka popote, mpelekee ssenga au mzee aliyewahi kusimamia kwanjula akisome neno kwa neno. Atakachokisahihisha, kisahihishe siku hiyohiyo.